Meza ya Wanawake wa Alhamisi

Hancock, Michigan
9 Septemba 1974

Bi Helmi Rautio,

Barua yako imenifikia. Umeliona tangazo langu katika gazeti la kanisa ukaamua kuniandikia mimi, badala ya kwenda dukani kununua meza ya mabomba na plastiki kama watu waliokata tamaa. Umefanya la maana. Na ngoja nikwambie mapema unaandikiana na nani: unaandikiana na mtu mwenye bahati kuliko wote wanaokaa kandokando ya ziwa hili, hai na waliozikwa. Nina mke, Lempi, ambaye miaka yote hii ananiamsha kwa kahawa na matusi matamu. Nina wana wawili, Wilho na Rudi, mabega kama milango. Tunafanya kazi karakana moja, na jioni tunagombania viazi kwenye sufuria moja. Mgodi wa shaba ulipofungwa wenzangu walilia. Mimi nilicheka, nikashika randa. Shule nilikaa miaka minne, na mmoja kati ya hiyo nilikuwa nje nikimpasulia mwalimu kuni, lakini Chicago nimefika, Duluth nimefika, na meza zangu zimekaliwa na hakimu mmoja na maaskofu wawili, mmoja wao mnene.

Sasa kazi. Unataka meza ya watu kumi na wawili. Fundi yeyote atakupa meza ya watu kumi na wawili. Mimi nakutengenezea meza ya watu hao wako kumi na wawili. Kwa hiyo niandikie ni kina nani. Nani mnene? Nani anaegemea viwiko? Nani hukunja mguu akaukalia? Nani hawapatani, wasikae goti kwa goti? Mguu wa meza ukiwekwa bila akili, mtu atagonga goti mwaka mzima, na hatajua kwa nini anaichukia kahawa yako.

Lempi anakusalimu. Wanangu pia, midomo imejaa.

Fundi wako,
Arvo Niskala


Astoria, Oregon
21 Septemba 1974

Bwana Niskala,

Niliomba bei na tarehe, nimeletewa ukoo mzima. Haya, nimewasikia, nao wasalimie.

Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu Oskar alifanya kazi kiwanda cha samaki wa makopo. Kila Alhamisi wanawake wenzangu wa Kifini huja hapa kwangu kufuma na kunywa kahawa, desturi ya tangu enzi za mama mkwe. Meza yetu ilitengenezwa kwa mbao za mashua iliyozeeka, na sasa mguu mmoja umeoza. Wiki iliyopita birika zima lilimmwagikia mke wa mchungaji mapajani, naye akatamka neno ambalo sikujua kama analijua.

Mnene ni Hulda. Elna hutumia mkono wa kushoto. Hulda na Elna hawasemezani miaka sasa, tangu harusi ya binti wa Elna, na sababu ilikuwa samaki. Lakini hakuna Alhamisi anayokosa hata mmoja, maana kila mmoja anaogopa akikosa atasengenywa na mwenzake. Mimi hukaa upande wa jiko.

Naitaka kabla ya Krismasi. Hakimu na maaskofu baki nao.

Helmi Rautio


Hancock
12 Oktoba 1974

Bi Helmi, dada yangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani. Nilipofika kwa mke wa mchungaji, Lempi alicheka mpaka akashika jiko, na jiko lilikuwa la moto. Ameniagiza nikuulize neno lenyewe lilikuwa lipi. Wanangu wameweka dau.

Nimechagua mbao. Ni mti wa sukari, ule tunaoutoboa theluji ikianza kulegea tukachemsha maji yake yakawa shira. Mbao zake nyeupe kama maziwa, ngumu kama moyo wa mama mkwe, samahani kwa marehemu mkwe wako. Nazikausha kwa njia yangu mwenyewe. Njia hiyo sikwambii. Mafundi wa hapa wamenilewesha mara nyingi wapate kuijua, nimeinywa pombe yao na siri nimerudi nayo nyumbani.

Siku za Jumamosi kazi tunaacha, tunajifungia kwenye chumba cha mbao chenye jiko la mawe, tunaoga sauna kama watu. Rudi humwagia mawe maji mpaka mvuke unamfukuza paka. Wilho anampiga mdogo wake mgongoni kwa matawi ya mti wa mbetula, ndivyo sauna inavyotaka, mdogo anapiga kelele kama anachinjwa, na Lempi yuko nje ya mlango anatutukana tumalize aingie yeye. Hayo ndiyo maisha, Bi Helmi. Nakuonea huruma kwa kutukosa.

Maswali ya kazi. Je, Elna akikaa mkono wa kulia wa mtu, viwiko vinagongana? Je, kufuma mnafuma mkiwa mmeinama au mmeketi wima? Na samaki wa harusi alikuwa samaki gani? Usinicheke. Fundi lazima ajue uzito wa ugomvi atakaoubebesha meza.

Arvo Niskala


Astoria
3 Novemba 1974

Fundi,

Samaki alikuwa salmoni. Elna alimtia chumvi mwenyewe, siku mbili kabla. Hulda akaonja, akasema mbele ya wageni wote kwamba samaki huyu ana chumvi kuliko bahari aliyotoka. Bwana harusi alicheka. Kama asingecheka, labda yangepita.

Neno la mke wa mchungaji siliandiki. Barua zinafunguka njiani.

Kufuma tunafuma tumeinama, kwa sababu tumezeeka. Elna na viwiko vyake nimemweka pembeni kabisa, upande wa dirisha. Sijui swali hilo linakusaidia nini lakini nimekujibu.

Nami nina ombi. Hapa kila mtu ana mkate wake wa iliki, na wa kwangu wameshauchoka, sasa wanauchovya kwenye kahawa kwa heshima tu. Mwombe Lempi aniandikie anavyokanda wa kwake. Aandike yeye mwenyewe, wewe utaniletea na historia ya Duluth.

Krismasi inakuja.

Helmi R.


Hancock
8 Desemba 1974

Dada Helmi,

Krismasi inakuja, ndiyo, lakini na theluji imekuja, imefika kwenye madirisha, kutoka mlangoni hadi karakana nachimba njia kama nilivyokuwa nachimba shaba, tofauti ni kwamba hapa hamna anayenilipa. Meza haitawahi. Mbao bado zinakauka. Nisamehe. Meza nzuri haipelekwi mbio.

Lempi mikono yake iko kwenye unga, nami ndiye karani. Anasema hivi: unga, maziwa ya moto, siagi ya kutosha, sukari, na iliki ngumi moja. Unakanda mpaka uchoke, unasuka kama nywele za msichana, unaoka. Wanangu wanakula mkate mzima kabla haujapoa halafu wanashika matumbo.

Naomba nijibiwe yafuatayo. Viti vyenu vina urefu gani? Dirisha liko upande gani wa meza, na mwanga unaingia asubuhi au mchana? Mkimaliza kufuma mnaimba? Nyumba ina ngazi mlangoni? Na wewe, Bi Helmi, wageni wakishaondoka huwa unakaa kiti kipi? Kile kile cha upande wa jiko, au unahamia kingine? Swali hili la mwisho ni la kazi pia.

Lempi anasema Krismasi njema.

Arvo


Astoria
10 Januari 1975

Fundi Niskala,

Krismasi tumenywea kahawa kwenye ubao wa kupigia pasi na milango miwili ya kabati. Mke wa mchungaji alikuja amefunga taulo mapajani, na mimi nikajifanya sikuona.

Mkate wa Lempi nimeuoka. Haukuumuka. Tumeukata kwa msumeno wa nyama, Hulda akatafuna kipande kimoja akasema anahisi anakula duka la dawa. Mwambie Lempi amesahau hamira. Au karani wake ndiye kasahau. Na ngumi ya nani hiyo ya iliki, ya mwanamke au ya mchimba mgodi?

Viti: kimo cha goti langu, na mimi si mrefu. Dirisha liko upande wa mto, lakini mwanga usiuhangaikie. Hapa mvua hainyeshi, inaishi nasi. Kuta zinatoka jasho, chumvi haimwagiki kwenye kichupa, na viatu vya Oskar nilipovitoa kabatini vilikuwa vimeota manyoya ya kijani. Liweke hilo akilini.

Hatuimbi.

Wakiondoka, nakaa cha Elna, dirishani. Hujaniambia jibu hilo limebadilisha nini kwenye meza.

Helmi


Hancock
20 Machi 1975

Dada Helmi,

Meza imekwisha.

Nimetafuta swali jingine la kukuuliza, sikupata. Nilizunguka meza nikiwaza, nikainama chini nikaangalia, kila kitu kimejibiwa.

Basi ngoja nikusifie. Nimetengeneza meza nyingi, hii ni mama yao. Uso wake mbao saba zilizolala pamoja kama watoto kitanda kimoja, na kuzunguka nimezifunga kwa fremu, kona nne, ulimi ndani ya tundu, gundi, na kigingi cha mbao kila kona. Mafundi wengine huacha nafasi kati ya mbao na fremu, wanaogopa mbao zitavimba. Mimi sikuacha hata ya kupitisha unywele. Mbao hizi zimekauka mpaka zimesahau kama kuna maji duniani. Zimekaa mahali pangu tangu Septemba, jioni hata jioni.

Upande wa Hulda mguu nimeusogeza ndani. Upande wa Elna nimekata ukingo mviringo, kiwiko cha kushoto kipite. Na hapo hapo kwake dirishani, unapohamia wakiondoka, ukingo nimeulainisha kwa msasa kuliko kwingine, kwa sababu mtu akikaa peke yake hupitisha mkono ukingoni bila kujua.

Kesho inapanda gari moshi. Wilho na Rudi wameifunga kwa mablanketi.

Arvo


Astoria
17 Aprili 1975

Fundi Niskala,

Imefika. Wanaume wanne wameiingiza na wa tano alitoa amri.

Sina maneno, na wanaonijua watakwambia hilo halijawahi kutokea. Wanawake walivua viatu kuingia, kama kanisani kuna kapeti jipya. Hulda alikaa, akasogeza miguu, akasogeza tena, akasema, "Helmi, goti langu liko wapi? Halijagonga kitu." Akalia kidogo. Kisha Elna akasema, bila kumwangalia mtu, "Hulda, nisogezee sukari." Hulda akasogeza. Chumba kizima tuliacha kufuma.

Umefanya kazi kubwa. Malipo yaliyobaki yametoka leo. Mwambie Lempi ameolewa na fundi, hata kama ni mwenye maneno.

Basi kwa heri,
Helmi Rautio


Hancock
28 Aprili 1975

Dada Helmi,

Umeandika kwa heri kama mtu anayefunga duka. Subiri kwanza. Meza yangu ina dhamana ya maisha, lakini dhamana haiwezi kufanya kazi bila barua. Niandikie kila mwezi. Haitikisiki? Umeipaka mafuta ya kitani? Vikombe vinaacha alama? Hulda na Elna wamefika wapi? Walianza na sukari, sasa wako kwenye maziwa?

Lempi naye anauliza.

Arvo


Hancock
25 Mei 1975

Dada Helmi,

Labda barua yangu ilipotea.

Theluji imekwisha. Njia ya karakana imekauka, naipita bila kuchimba.

Arvo


Astoria
9 Juni 1975

Arvo Niskala,

Barua yako haikupotea. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona kona moja inafunguka, na sikutaka kukuandikia habari ambayo huenda isingetimia. Sasa imetimia.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tumekaa, kahawa imeshamiminwa, Hulda anamwonyesha Elna jinsi ya kufunga kisigino cha soksi. Meza ikalia. Nakwambia ililia kama bunduki. Vikombe viliruka, Hulda akajirusha chini kwa wepesi ambao mwili ule haujawahi kuuonyesha, na mke wa mchungaji akalitamka tena lile neno. Kona mbili za fremu zilikuwa zimepasuka. Mbao zako saba zimevimba, zimesukuma fremu mpaka ndimi zimekatika, na katikati uso umeinuka kama mgongo wa paka.

Nikamwita Onni Takko. Onni ni mzee wa hapa, amejenga mashua maisha yake yote. Alipiga goti, akapasua kibanzi kona iliyovunjika, akakigonga kwenye jino, akakiweka ulimini. Kisha akaniuliza, "Fundi wako ni mtu wetu, Mfini?"

Nikasema, "Mtu wetu, wa Michigan."

"Mbao hizi zilikuwa sauna," akasema. "Benchi la juu, lenye joto kuliko yote, moto kila jioni majira yote ya baridi. Hii haikuwa imekauka, mama, hii ilikuwa imeokwa. Nasi hapa tumeinywesha mvua, imekunywa kama mlevi."

Nikamwambia huenda anakosea. Akacheka. Akasema baba yake alikuwa akizipandisha mbao za mashua sauna, Jumapili mpaka Ijumaa, na Jumamosi mama yake alikuwa anazitupa nje zote kwenye theluji, na baba nyuma yake, kwa sababu familia inaoga. Akasema mbao ikipigwa mvuke kila Jumamosi haiwezi kukauka namna hii. "Sauna hii," akasema, "haijamwagiwa kikombe cha maji tangu mbao zilipoingia."

Nimekaa na hilo siku kadhaa. Meza haijaniudhi, Arvo. Kilichoniudhi ni hesabu ya watu. Wilho na Rudi wenye mabega kama milango, na Lempi anayetukana nje ya mlango, majira yote ya baridi waliogea wapi?

Helmi


Hancock
18 Juni 1975

Bi Rautio,

Mwambie Onni Takko ashughulike na mashua. Mtu anayeonja meza kwa ulimi anifundishe mimi kazi?

Tuna sauna mbili. Ya zamani ni ya kukaushia mbao, mpya ni ya kuogea watu, Wilho aliijenga kiangazi kilichopita, sikuitaja kwa sababu si kila kitu ninachomiliki lazima nikitaje. Pia mara nyingine huenda kwa jirani. Lempi anapendana sana na mke wa jirani. Na kama mimi na familia yangu tungeamua kunawa kwa theluji tu, ingekuwa haki yetu.

Kosa la meza ni la mvua yenu. Hata hivyo pesa zako nakurudishia zote, kila senti, na meza ichomeni kuni. Sitaki kuisikia.

A. Niskala


Astoria
2 Julai 1975

Arvo,

Pesa sizitaki, na kuni ninazo.

Uliniambia mvua ndiyo yenye kosa. Nilikuandikia Januari kwamba mvua inaishi nasi, nikakwambia uliweke akilini. Fundi anayeuliza goti la Hulda liko wapi hawezi kusahau neno kama lile. Ulilisoma, na mbao zilikuwa tayari zimekauka vya kutosha tangu Oktoba. Onni anasema wiki tatu zingetosha. Lakini meza ingekwisha Oktoba, nawe ungekosa la kuuliza. Kwa hiyo ulizirudisha benchini, ukawasha moto tena, ukakaa ukaandika swali jingine. Sivyo?

Usikasirike kabla hujafika mwisho. Mimi nimeishi miaka mingi, najua kuimba kwetu hakuhusiani na meza. Najua na samaki hahusiani. Nilijibu yote. Hukujiuliza kwa nini mwanamke mwenye akili timamu anakuandikia habari za samaki mwenye chumvi? Nyumba yangu inajaa siku moja ya wiki. Siku zile nyingine nasikia friji ikijisemea. Nilikuwa natoka mvuani bila koti kumwahi mtu wa posta, na mimi ni mtu niliyekataa kumkimbilia hata Oskar.

Sasa sikiliza. Wanawake hawataki meza ichomwe. Wameitegemeza, wanakunywea kahawa juu ya mgongo wa paka, na vikombe vinateleza wote wanavidaka. Onni anasema inarekebishika: fremu ivuliwe, mbao zipunguzwe, zifungwe upya na nafasi ya kupumua. Anasema mikono yake haiwezi tena, na hata ingeweza, kazi ya mtu humalizwa na mtu mwenyewe. Chumba cha nyuma kina kitanda, na banda la Oskar lina benchi la kazi. Kiti cha upande wa dirisha huwa ninakaa mimi, lakini naweza kurudi changu.

Kama una mke na wana nyumbani, kaa nao, na Mungu akuzidishie. Nitamlipa fundi wa hapa ajaribu, na sitakuandikia tena, kwa sababu sitaki kumwandikia mume wa mtu barua za namna hii. Lempi angekuwa jirani yangu ningemwonea haya.

Na kama hali ni nyingine, nataka uniambie kwa mkono wako. Nikisikia ukweli nitakupokea kituoni. Nikiletewa sauna ya tatu, basi.

Helmi


Hancock
15 Julai 1975

Helmi,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ya kwanza nilikwambia Lempi hawezi kuniachilia kwa sababu ni msimu wa matunda ya porini, anachemsha jemu na mtu wa kubeba ndoo ni mimi. Ilikuwa barua nzuri, yenye kuchekesha. Ya pili nilimpa Wilho homa. Ya tatu nilimvunja Rudi mguu. Nimewaweka wote kwenye jiko.

Meza nitaitengeneza. Onni amesema kweli kuhusu kazi, mzee mbaya huyo. Nilijua. Siku niliyoipiga gundi ile fremu nilisimama na nyundo mkononi, mvua yako nikaikumbuka, nikaona kabisa itakavyopasuka, mwezi wa tano au wa sita. Nikapiga. Nilijisemea: ikipasuka ataniandikia. Huyo ndiye fundi uliyemwajiri.

Kuja nataka. Randa zangu nimeshazifunga kwenye gunia na nimezifungua tena, na sasa ninavyoandika zimefungwa. Lakini umesema unataka kwa mkono wangu, na mkono huu umezoea kuandika mambo makubwa, kwa hiyo utaona maandishi yamekuwa madogo.

Mgodi ulipofungwa sikucheka. Wanangu walisema twende Detroit kwenye magari, na Lempi akasema twende, nami nikasema mwanamume hafuati watoto wake kama mbwa anavyofuata mkokoteni. Wakaenda. Nilifikiri atarudi kabla ya theluji. Hakurudi. Ameolewa na muuza viatu, mtu mpole, wanasema, asiye na maneno. Wilho na Rudi hawajui hata kama natengeneza meza. Mkate ule Lempi hakunifundisha kamwe, niliubuni mimi nikiwa nimekaa jikoni, nikijaribu kukumbuka harufu yake ilikuwa na nini ndani. Alipocheka mpaka akashika jiko, niliyecheka ni mimi, na niliposikia sauti yangu nilinyamaza.

Hakuna aliyekusalimu katika salamu zote nilizokuletea.

Nilikuandikia kwamba mimi ni mtu mwenye bahati kuliko wote wa kandokando ya ziwa hili. Ni uongo. Naishi peke yangu.

Arvo